Kadi ya Komando

Geti lilikuwa la Erasto na mbwa alikuwa wa Erasto, lakini Zawadi alipopiga ukelele aliyefika kwanza alikuwa mkewe Erasto, Mwalimu Esta, mwiko mkononi na machozi ya vitunguu machoni. Adhana ya magharibi ilikuwa bado kama robo saa. Mwezi wa Ramadhani mtaa wa Rahaleo wote hunukia nazi na pilipili manga saa hizo, na Zawadi, msichana wa miaka kumi wa nyumba ya jirani, alikuwa ametumwa na mama yake kama anavyotumwa kila mfungo: mpelekee mwalimu futari. Kwamba mwalimu ni Mkristo na hafungi, hiyo haikuwa hoja. Harufu ya mihogo ya nazi ikishavuka ukuta, lazima na bakuli livuke. Ndivyo watu wanavyoishi.

Komando alikuwa amemwangusha mtoto na kumng'ang'ania mguu, chini kidogo ya goti. Hakuwa akibweka. Mbwa yule mkubwa kama ndama, wa ile jamii ya kizungu wanayoifuga walinzi wa maghala, Erasto alimnunua Dar es Salaam akiwa mdogo na akamfundisha mwenyewe kunyamaza, maana mbwa anayebweka, alizoea kusema, anampa mwizi nafasi ya kukimbia. Esta alimtwanga mwiko wa kichwa mpaka mwiko ukavunjika. Ndipo Erasto akatokea uani, suruali kaikunja, mpira wa maji mkononi, akapiga mluzi mmoja tu. Komando akaachia, akaenda kukaa miguuni pake.

"Nilikuwa naosha banda," Erasto akasema. "Dakika kumi tu nimemwachia. Dakika kumi! Na kibao kipo getini, kimeandikwa mbwa mkali. Mtoto wa darasa la nne hajui kusoma?"

"Anajua," Esta akajibu. "Namfundisha mimi."

Hadija, mama yake Zawadi, aliingia miguu mitupu. Hakumtukana mtu. Alimbeba mwanawe mpaka bombani kwake, na pale akafanya lile alilofundishwa tangu utotoni: mbwa akikugusa na mate yake, unaosha mara saba, moja kwa udongo. Fundisho hilo si la nyama iliyochanika, ni la vyombo na nguo na ngozi nzima, lakini mama aliyechanganyikiwa nani atasimama kumweleza hayo? Alichota udongo wa pembeni mwa ukuta akausugua kwenye kidonda, akasuuza, akahesabu kwa sauti, mbili, tatu, nne, na Zawadi akilia mpaka sauti ikamkauka. Adhana ikaadhiniwa na hakuna aliyekumbuka kufuturu. Esta alikuwa amesimama pembeni ameshika hotipoti ya Hadija, futari imemwagika getini, hajui aiweke wapi.

Mustafa, baba mtu, aliporudi kutoka kwenye karakana yake ya kuchomelea vyuma, alimpakia mtoto kwenye bajaji wakaenda zahanati. Wakamsafisha upya, wakamfunga bendeji, wakamchoma sindano ya pepopunda. Kisha wakauliza swali moja: huyo mbwa amechanjwa?

* * *

Kesho yake asubuhi swali hilo lilikuwa mezani kwa mwenyekiti wa mtaa, Bwana Selemani, mtu mwenye tumbo la saumu na hasira za karibu.

Erasto alikuja na shati lake la kazini, lile la bandarini lenye mikono iliyonyooshwa pasi ikasimama. Akatoa kadi kwenye bahasha, akaiweka mbele ya mwenyekiti taratibu, kama mtu anayeweka karata ya mwisho. Kadi ya kijani. Jina la mbwa, Komando. Jina la mwenye mbwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa, tarehe, saini, muhuri wa duara.

"Mimi ni mtu wa utaratibu," akasema. "Mbwa wangu ana kadi. Wangapi humu mtaani watoto wao wana kadi?"

"Geti lile nimelichomelea mimi," Mustafa akasema. "Nililiwekea komeo la ndani na la nje. Sasa komeo lina kazi gani kama mwenye nyumba halifungi?"

"Mbisha hodi hubisha hodi, bwana. Haingii."

"Mtoto na hotipoti ya futari, mikono yote miwili imeshika, abishe kwa nini? Kwa kichwa?"

Mwenyekiti akagonga meza. Akamtaka Hadija aeleze hali ya mtoto. Hadija akasema mguu umevimba, una joto, na usiku kucha binti hakulala. Erasto akaguna.

"Lazima uvimbe. Si mmeupaka udongo? Samahani, mwenyekiti, lakini hapo kosa la mbwa ni lipi na la mtu ni lipi? Kidonda kibichi unakisugua mchanga wa njiani, halafu unakuja kumdai jirani!"

Wanaume wawili waliokuwa mlangoni wakisubiri barua za utambulisho wakacheka. Hadija akavuta ushungi akauma pindo lake. Esta, aliyeketi kwenye benchi nyuma ya mumewe, alitamani ardhi ipasuke, na haikupasuka. Ardhi ina tabia hiyo.

Bwana Selemani akasoma karatasi ya zahanati. Sindano za kichaa cha mbwa ni nne, akasema, na kila moja ni elfu thelathini, na zahanati hawana, ni mpaka hospitali kubwa. Lakini daktari ameandika kwamba ikiwa mbwa amechanjwa, basi afungiwe, aangaliwe siku kumi. Akimaliza siku kumi akiwa mzima, mtoto hana neno. Mustafa aliposikia elfu thelathini mara nne alitazama viatu vyake. Mwenyekiti alimwona, akaikamata ile kadi ya kijani kwa furaha ya mtu aliyeokota suluhisho lisilo na gharama.

"Kadi ipo. Basi tunasubiri siku kumi. Bwana Erasto, mbwa hatoki kwako. Na uwape wenzako chochote cha dawa ya kidonda."

Erasto akahesabu elfu ishirini kwenye meza, noti moja moja, kisha akatoa kalamu. "Andika hapo kwamba umepokea," akamwambia Mustafa. "Si kwamba sikuamini. Utaratibu."

Mustafa akaandika jina lake polepole, mbele ya watu.

Siku ile ya chanjo Esta aliikumbuka vizuri, kwa sababu zoezi lilifanyika kwenye uwanja wa shule anayofundisha. Ilikuwa Ijumaa. Kumtoa Komando nyumbani mpaka uwanjani ni lazima upite mbele ya msikiti, na saa zile watu walikuwa wanatoka kuswali, barabara nzima kanzu nyeupe. Nani atamburuta mbwa katikati ya watu wenye udhu? Kila mwaka kina Erasto wa mtaa ule, wafuga mbwa watatu wanne kutoka mikoa ya bara, walikuwa na dawa yao: unampigia jamaa yako pale kwenye meza ya chanjo, unamtumia chochote, jioni kadi inakuja kwenye bahasha. Hakuna ugomvi na majirani, hakuna usumbufu. Erasto aliuita ustaarabu. Kadi ilipokuja siku ile, Komando alikuwa amelala bandani tangu asubuhi, na sindano hata ya kushonea hakuiona.

* * *

Alhamisi Esta alirudisha hotipoti. Chombo cha jirani hakirudi kitupu, kwa hiyo aliweka sukari kilo moja na tende. Alimkuta Hadija akimkanda Zawadi mguu kwa maji ya vuguvugu. Mtoto alimwamkia mwalimu wake, "Shikamoo, mwalimu," kwa adabu ileile ya darasani, na hilo lilimchoma Esta kuliko matusi.

"Karibu, Mama Faraja," Hadija akasema. "Hukuwa na haja ya kuhangaika." Akaipokea hotipoti, akaiweka chini bila kuifungua. Wakaulizana hali, wakasifu hali ya hewa. Kisha Hadija akamtuma mtoto ndani, akageuka.

"Mwalimu, nikuulize kitu. Mimi sijasoma sana. Kadi mliyoleta nimeiona, lakini kadi ni karatasi. Wewe unaishi mle ndani. Ulimwona yule mbwa akichomwa sindano?"

Haya! Mtu anaweza kuishi miaka arobaini asiulizwe swali la moja kwa moja namna hiyo. Esta alimwona Erasto na shati lake la pasi, akaiona saini ya yule jamaa wa meza ya chanjo, akaona kazi mbili zikipotea na mume akipelekwa kituoni.

"Si mliiona tarehe, Mama Zawadi," akasema. "Na muhuri."

"Tuliuona," Hadija akasema. Akainama kuendelea kukamua kitambaa. "Basi alhamdulillahi. Baba Zawadi alitaka kwenda kuuza mashine yake ya kuchomelea. Nikamwambia, subiri kwanza, mwalimu hawezi kutuficha."

Esta alirudi kwake akakaa chooni muda mrefu, mlango kaufunga, kwa sababu ndiyo sehemu pekee nyumbani ambako hakuna anayekuuliza unafanya nini.

Ijumaa vijana wa kijiweni walirusha mawe juu ya ukuta. Mmoja aliapa kwa sauti, ili asikike ndani, kwamba kipande cha nyama na sumu ya panya bei yake ni soda moja. Jumamosi asubuhi Erasto akakodi kirikuu ampeleke Komando Mpapura, kwenye shamba lake la mikorosho, akalinde ghala na kijana anayeitwa Petro.

"Mwenyekiti alisema hatoki," Esta akamkumbusha.

"Mwenyekiti atamlinda na sumu? Siku kumi zikiisha namrudisha, mzima, wanamwona. Nani atajua?" Erasto alikuwa akimfunga mbwa mnyororo, na kwa kweli mikono yake ilikuwa laini juu ya shingo ya yule mnyama. Alimpenda. Miaka miwili nyuma wezi walimkomba korosho za msimu mzima, na tangu Komando aingie hakuibiwa hata moja. Binti yao Faraja, rika na dawati moja na Zawadi, aliomba kumsindikiza baba yake. Wakaondoka watatu, wakarudi wawili mchana, na Faraja akaenda moja kwa moja kulala. Jua la shamba, Erasto akasema.

* * *

Simu ya Petro iliingia Jumanne, siku ya nane, saa kumi jioni. Erasto alikuwa anakula, vidole vina mchuzi, akaibonyeza kwa kifundo na sauti ikatoka nje kwa wote.

"Bosi, Komando kafa."

"Kafa vipi?"

"Tangu juzi hali. Jana anadondosha mate, anang'ata mnyororo mpaka meno yanatoka damu. Sauti ikambadilika, bosi, akawa analia kama siyo yeye. Mie sikumsogelea. Leo miguu ya nyuma ikalegea, mchana huu kafa. Bwana mifugo wa huku anasema kisiguswe kitu, kichwa kikapimwe—"

"Kalishwa sumu," Erasto akasema. "Wezi wa korosho hao."

"Sumu ya siku tatu, bosi?"

"Petro. Mzike. Chimba kirefu, sasa hivi, na bwana mifugo mwambie nimeshamaliza."

Akakata. Akaendelea kukaa mbele ya sahani bila kula. Esta alisimama upande wa pili wa meza, daftari za wanafunzi kifuani.

"Baba Faraja, ile ni kichaa."

"Wewe ni daktari?"

"Hata mtoto wa darasa la tatu anajua. Naifundisha! Ipo kwenye kitabu, na picha yake ipo. Tukawaambie sasa hivi, mtoto aanze sindano."

"Tuwaambie nini? Kwamba kadi ni ya uongo?" Erasto hakupaza sauti. Alikuwa anaomba. "Mama Faraja, nisikilize. Nikisema mbwa kafa kwa kichaa, wataichunguza kadi. Wakiichunguza, yule jamaa atafukuzwa na mimi nitafungwa. Hii nyumba itakula chaki? Zawadi kapona yule, si anakwenda shule? Mguu umekauka."

"Ugonjwa huo haukai kwenye mguu. Unangoja. Ukiamka, haupoi."

"Mungu atamsaidia."

"Mungu ameleta sindano, wewe umeleta kadi!"

Erasto akanyanyuka. Akamwita Faraja sebuleni, akamtazama, akamshika paji la uso, akamwambia akacheze. Kisha akachukua simu na ufunguo wa pikipiki, akasema anakwenda kuonana na mtu. Esta alisikia pikipiki ikiondoka. Wahenga hawakukosea: mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini maradhi yale alikuwa anayaficha mtu mmoja, na atakayeumbuliwa ni mtoto wa mtu mwingine. Wazo hilo ndilo lililomnyanyua. Akatoa fedha zake za kikoba chini ya godoro, laki moja na nusu, akamshika Faraja mkono, akatoka.

Hadija na mumewe walikuwa uani, mihogo imeshamenywa, wanasubiri magharibi. Esta hakukaa. Alijua akikaa atatafuta maneno mazuri.

"Mbwa amekufa," akasema. "Amekufa Mpapura, kwa kichaa. Na hakuchanjwa, kadi ililetwa kwenye bahasha. Nilijua siku ile uliponiuliza."

Mustafa alisimama mpaka kigoda kikaanguka. Maneno aliyoyasema si ya kuandikwa, hasa mtu akiwa kwenye saumu, na Esta aliyapokea yote wima. Hadija aliingia ndani, akatoka na buibui lake na Zawadi mkononi. Alipompita Esta akasimama.

"Nilikuuliza," akasema. "Sikumwuliza mumeo. Nilikuuliza wewe."

"Uliniuliza, Mama Zawadi."

"Haya. Twende."

* * *

Hospitalini muuguzi aliyeitwa Doris aliwakalisha kwenye benchi, akachukua maelezo. Lini aling'atwa, wapi, mbwa yuko wapi. Esta alijibu kila swali kwa ukweli wake, na kila jibu lilizidi lililotangulia kwa ubaya. Doris aliandika bila kumtazama usoni.

"Siku nane zimepotea," akasema. "Ila jeraha liko mguuni, mbali na kichwa, na dalili hana. Tunaanza leo, na tarehe nyingine zote lazima zifuatwe, hata moja isirukwe. Nani aliosha kidonda siku ile?"

"Mimi," Hadija akasema kwa sauti ndogo. "Mara saba. Na udongo."

"Udongo ulikosea. Lakini kuosha mara saba, mama, hapo ulimsaidia sana mwanao. Wengi hawaoshi hata mara moja."

Hadija aliinamisha kichwa, akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatatu. Mustafa akamwekea mkono begani hadharani, jambo ambalo si kawaida yake.

"Sasa," Doris akasema, akifungua ukurasa mwingine. "Kuna mtu yeyote aliyeng'atwa, kukwaruzwa au kulambwa na huyu mbwa siku za karibuni? Watu wa nyumbani?"

"Hakuna," Esta akajibu.

Faraja akamvuta kanga.

"Mama," akasema. "Na mimi."

Akainua mkono wa gauni lake la shule. Juu ya kiwiko palikuwa na alama nne, mbili juu, mbili chini, zimeshafunga magamba. Ilikuwa Jumamosi, akaeleza, akitazama sakafu. Baba alikuwa anamshusha Komando kwenye kirikuu kule shambani, Komando hakutaka, yeye akamshika mnyororo ili asaidie. "Baba aliniosha na maji ya chupa. Akasema nikimwambia mtu, watamfunga."

Esta aliukamata ule mkono akauangalia kama si wa mtu anayemwogesha. Siku tatu! Siku tatu mtoto amekula naye, amesali naye, amelala chumba cha pili. Akakaa sakafuni, vigae vikiwa baridi, na watu wa foleni wakageuka kutazama mwalimu aliyekaa chini. Simu yake ikaita. Alikuwa Erasto.

"Uko wapi?" Erasto akauliza. Alikuwa anahema. "Nimefika nyumbani hakuna mtu. Faraja yuko wapi?"

"Yuko hapa hospitali. Nimeuona mkono wake."

Maneno yakamtoka Erasto kwa kasi, yamebanana. "Sikiliza, Mama Faraja. Sikiliza, usilie. Nilikuwa nimeshapanga. Nimetoka kuzungumza na mtu wa Lindi, sindano ziko, nimeshalipia. Nilikuwa nimpeleke kesho alfajiri, kimya kimya, kule hawatujui. Ningempeleka, wallahi ningempeleka. Mwanangu nimwache afe? Unanionaje wewe?"

Doris alikuwa ametokea mlangoni na trei yake, anaita majina.

"Na Zawadi?" Esta akauliza.

Hadija aliposikia jina la mwanawe aligeuka, akamtazama Esta pale chini na ile simu sikioni. Mustafa naye akageuka. Esta aliwatazama wote wawili akisubiri jibu la mumewe, lakini alichosikia ni pumzi zake tu, zikienda na kurudi, mpaka simu ilipokatika.